Michezo ya mtandaoni na wadanganyifu wake: seva inalindwa namna gani?

Juu ya michezo ya simu, wazazi wetu kwa kawaida huuliza maswali mawili: inakula mega ngapi, na inakula saa ngapi za masomo. Vijana wana swali la tatu, ambalo wakubwa hulisikia mara chache: tufanye nini na mtu anayedanganya ndani ya mchezo?

Kijana wa Goma, Bukavu au Butembo anayecheza Free Fire jioni, umeme ukiwepo, anaijua hali hii. Amejificha nyuma ya ukuta, hakuna aliyemwona akiingia, na risasi ya kwanza inampata kichwani. Ikitokea mara moja ni bahati ya adui. Ikitokea mara tano kwa mtu yuleyule, kijana anaanza kuuliza rafiki zake ile programu inapatikana wapi, ili na yeye asiendelee kuwa mjinga. Hapo ndipo jambo hili linapogusa nyumba zetu, kwa maana programu ile haiingii ndani ya mchezo peke yake. Inaingia ndani ya simu, na mara nyingi simu hiyo ni ya baba.

Basi, wapendwa wasomaji, tueleze udanganyifu huu unapita wapi, na wenye michezo wanauzuia namna gani.

Ubao wa kweli uko kwa nani

Fikiri watu wawili wanaocheza dama kwa kupigiana simu, mmoja yuko Uvira, mwingine Bunia. Kila mmoja ana ubao wake mezani. Wa Uvira anasema: "Nimekula kete zako tatu." Wa Bunia hana njia ya kuona; akikubali, ametoa kete tatu kwa neno tupu. Dawa ni kuweka mtu wa tatu mwenye ubao mmoja wa kweli. Kila mchezaji anamwambia tu kete anayotaka kusogeza, na yeye ndiye anayetangaza kilicholiwa.

Mtu huyo wa tatu ndiye seva: kompyuta inayoshika hali ya kweli ya mchezo wakati simu za wachezaji zinashika picha tu. Karibu kila udanganyifu mkubwa unapitia kosa moja kati ya mawili. Ama seva inaamini maneno ya simu, ama inaiambia simu mambo ambayo mchezaji hapaswi kuyajua.

Tuanze na kuamini. Kama simu inaruhusiwa kusema "sasa niko juu ya mlima" au "nimempiga, amekufa", mtu mwenye ufundi kidogo anabadilisha programu ya simu yake ili iseme hivyo hata kama si kweli. Anakimbia kuliko gari, hafi, risasi zake haziishi. Jibu linajulikana tangu zamani: simu itume vitufe tu. Nimebonyeza mbele, nimegeuka kushoto, nimefyatua. Seva yenyewe inapiga hesabu ya mahali alipofika, na kama mwendo halali ni hatua 5, hafiki hatua ya 50.

Tatizo ni umbali. Ujumbe kutoka kwetu hadi kwenye seva iliyo nchi nyingine, kisha jibu kurudi, unachukua muda, na mtandao ukiwa mbaya muda huo unaongezeka. Kama simu ingengoja jibu la seva kwa kila hatua, mchezo ungekuwa kama kutembea kwenye matope. Kwa hiyo simu inakisia: inakuonyesha umekwisha kusogea, halafu seva inasahihisha. Ndiyo maana wakati mwingine mtandao ukilegea unajiona unarudishwa nyuma ghafla.

Kwa risasi, kampuni ya Valve ya Marekani ilitumia njia nyingine, ambayo mhandisi wake Yahn Bernier aliieleza kwa maandishi mwaka 2001. Seva inakumbuka kila mchezaji alikuwa wapi muda mfupi uliopita. Risasi ikifika, seva inatazama nyuma hadi wakati ule mpigaji alipobonyeza, inaangalia alichokiona yeye kwenye kioo chake, na inahukumu kwa hicho. Ni haki kwa mwenye mtandao mbaya. Lakini aliyepigwa anaona kitu cha ajabu: kwenye kioo chake alikuwa amekwisha kuingia nyuma ya ukuta, na bado amekufa.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu zaidi kuliko wanaokaa karibu na seva. Wengi wanaoitwa wezi katika mechi za huku kwetu ni watu wenye mtandao mbovu tu. Anaonekana anaruka kutoka mahali hadi mahali, anaua kupitia kona, na yeye mwenyewe analalamika kwamba simu yake inakwama. Kuna pia wanaokata mtandao wao kwa makusudi ili wafaidike na ucheleweshaji, na kwa ajili yao seva inaweka kikomo cha kutazama nyuma. Katika mtambo wa Source wa Valve kikomo cha kawaida ni sekunde 1. Mtu mmoja na mwingine wanafanana sana kwa macho. Ni rekodi ya seva inayoweza kuwatenganisha. Kelele za wachezaji haziwezi.

Seva inayosema mno

Kosa la pili halionekani haraka, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi. Mwaka 1996 kampuni ya id Software ilitoa mchezo wa Quake, ambao watu wengi waliucheza pamoja kwa mtandao. Mnamo Desemba 1999 John Carmack, fundi mkuu wake, alifungua maandishi ya ndani ya programu hiyo ili kila mtu ayasome na kuyabadilisha. Mara wakatokea watu wenye Quake zilizogeuzwa, zinazolenga kuliko mkono wa mtu na kuona yasiyoonekana. Wengine walilaumu uwazi wenyewe. Eric Raymond, mtetezi maarufu wa programu huria, aliandika akionyesha kwamba ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo: mchezo ulikuwa unampa kila mchezaji habari ambazo hakupaswa kuwa nazo, ukitumaini kwamba hatafungua kuzitazama.

Ni kama mwalimu anayegawa karatasi za mtihani na majibu yameandikwa nyuma, halafu anawaomba wanafunzi wasigeuze karatasi.

Kuona kupitia ukuta kunafanyika hivyohivyo. Seva inatuma kwa kila mchezaji mahali walipo wote, na simu au kompyuta inachora wale tu wanaoonekana. Programu ya udanganyifu inasoma kumbukumbu ya mashine na kuchora na wale waliofichika. Hakuna uchawi; habari ilikuwa imekwisha kufika.

Mchezo wa Valorant, uliotolewa na Riot Games mwaka 2020, ulijaribu kukata mzizi wenyewe. Seva haitumi habari za adui mpaka anapokaribia kuonekana. Mtu akiwa nyuma ya kuta tatu, mashine yako haijui kabisa kama yupo, na programu ya kuiba haina cha kuiba. Kazi hiyo ina gharama. Katika mechi kuna wachezaji 10, kila mmoja ana maadui 5. Ni mitazamo 50 ya kuchunguza katika mchezo ambao seva zake zinapiga hesabu mara 128 kwa sekunde. Tena haiwezekani kungoja hadi sekunde ya mwisho, kwa kuwa adui angetokea ghafla kama mzimu. Inabidi habari zake zitumwe mapema kidogo. Kwa hiyo mwizi bado anaona kitambo kifupi kabla ya mwingine. Kitambo hicho ni kidogo sana kuliko kuona uwanja wote.

Mkono ambao si wa mtu

Liko jambo ambalo seva yenye busara kuliko zote haiwezi kulizuia kwa njia hizi: programu inayolenga badala ya mtu. Vitufe vyote ni halali, mwendo ni halali, adui anaonekana kweli. Kilicho cha uongo ni mkono. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike huko Shanghai, mchezaji mmoja wa timu ya OpTic India alikamatwa na programu ya namna hiyo ndani ya kompyuta yake. Faili lilikuwa limepewa jina "word.exe", kana kwamba ni programu ya kuandikia barua. Timu nzima iliondolewa kwenye mashindano.

Hapo kazi inageuka kuwa ya kuchunguza tabia. Kuanzia 2013 Valve iliwapa wachezaji wenye uzoefu wa Counter-Strike kazi ya kutazama marudio ya mechi za watuhumiwa, majina yakiwa yamefichwa, na kutoa hukumu. Baadaye waliifundisha kompyuta kutambua mienendo ya kulenga. Mwaka 2018 mhandisi wao John McDonald alieleza kwamba kesi zilizoletwa na malalamiko ya wachezaji ziliishia katika hukumu ya hatia kwa asilimia 15 hadi 30 tu, na zile zilizoletwa na kompyuta kwa asilimia 80 hadi 95. Tazameni tarakimu ya kwanza. Watu wakipiga kelele "huyu ni mwizi", mara nyingi waliotazama marudio kwa utulivu hawakuona kosa la kutosha.

Kuna na mtego. Mnamo Februari 2023 Valve ilifungia akaunti zaidi ya 40,000 za mchezo wa Dota 2. Ilikuwa imeweka ndani ya mchezo sehemu ya habari ambayo mchezo wa kawaida hauisomi kamwe. Ni programu za udanganyifu tu zingeigusa. Aliyeigusa alijiandikisha mwenyewe. Naipenda njia hii, kwa sababu haikumchungulia mtu asiye na kosa.

Mlinzi ndani ya nyumba

Makampuni mengi hayaishii kwenye seva. Yanaweka mlinzi ndani ya mashine ya mchezaji, programu inayochungulia kama kuna programu nyingine ya wizi. Valve ilianza na wake, VAC, mwaka 2002. Ule wa Valorant, Vanguard, unaamka pamoja na kompyuta yenyewe na una mamlaka kuliko programu karibu zote zilizomo. Wenye michezo wana sababu yao: mwizi akijificha chini kabisa ya mfumo, mlinzi anayesimama juu hawezi kumwona.

Lakini mlinzi uliyempa ufunguo wa vyumba vyote, naye ni nani? Mwaka 2013 ligi ya ESEA ya Marekani iliwalazimisha wachezaji wake kuweka programu ya kuzuia udanganyifu. Ndani yake ilikutwa sehemu iliyotumia kompyuta za wachezaji kwa siri kutengeneza fedha za bitcoin. Serikali ya jimbo la New Jersey ilitaja kompyuta kama 14,000, na kesi ikamalizika kwa mapatano ya dola milioni 1. Mwaka 2022 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza jambo la namna nyingine: wahalifu walichukua kipande cha programu ya ulinzi ya mchezo wa Genshin Impact, wakakitumia kuzima kingamaradhi za kompyuta walizozivamia. Wavamiwa hawakuhitaji hata kuwa na mchezo huo. Wahalifu walikuja na kipande chao.

Na mlinzi anakosea. Mwaka 2010 VAC iliwafungia kimakosa wachezaji kama 12,000 wa Modern Warfare 2. Valve iliwafungulia, mkuu wake Gabe Newell akaomba radhi, na kila mmoja akapewa mchezo mwingine bure. Wale walisikilizwa kwa sababu walikuwa wengi na kosa lilikuwa moja. Kijana mmoja aliyefungiwa kimakosa peke yake, anayejua Kifaransa kidogo na kuandikia ofisi inayojibu Kiingereza, ana njia ndefu zaidi.

Simu ya baba

Programu za udanganyifu ni biashara kubwa. Mwaka 2021 polisi wa Kunshan nchini China, wakisaidiana na kampuni ya Tencent, walikamata watu 10 waliokuwa wakiuza programu hizo kwa wanunuzi wa nchi nyingi, na kuzuia mali ya dola milioni 46, yakiwemo magari ya kifahari. Korea ya Kusini ilipitisha sheria mwishoni mwa 2016 inayoweza kumpeleka mtengenezaji wa programu hizo gerezani.

Kijana wetu halipi dola. Anatafuta ile ya bure, anayotumiwa na rafiki kwa WhatsApp, isiyopita kwenye duka rasmi la programu. Aliyeitengeneza anaishi kwa nini basi, kama hauzi? Programu ya namna hii inapoingia, huomba ruhusa kubwa, hasa ile inayoandikwa "Accessibilité" kwenye simu zilizowekwa Kifaransa. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu: programu inasoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza badala ya mtu. Mwenye ruhusa hiyo anaweza pia kusoma namba ya siri wakati inapoandikwa na kubonyeza "tuma". Kama M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ya nyumba nzima iko kwenye simu hiyo, mchezo umekwisha kuwa jambo jingine. Mzazi anaweza kufungua ukurasa huo wa ruhusa mwenyewe na kuangalia. Kama kuna jina asilolijua, alizime na kuliondoa.

Tena Garena, wenye Free Fire, hawafungii akaunti peke yake. Wanasema wazi kwamba hata simu iliyotumika kudanganya inaweza kuzuiwa isicheze tena, hata kwa akaunti nyingine. Huku kwetu simu moja inachezewa na yaya na wadogo zake watatu, kisha inauzwa sokoni. Adhabu inawafuata wasiohusika. Anayenunua simu iliyotumika kwa ajili ya kijana wake afungue mchezo mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa.

Kama vijana wanataka seva yao

Kuna michezo ambayo mtu anaweza kushika seva mwenyewe. Ulio maarufu kuliko yote ni Minecraft, ambao nakala zilizouzwa zimepita milioni 300. Toleo lake la Java linachezwa kwenye kompyuta, na kompyuta moja ya kawaida inaweza kuwa seva ya vijana kadhaa katika chumba kimoja. Kwa kikundi cha vijana wa kanisa chenye kompyuta chache, ni njia nzuri ya kujifunza yote tuliyoyasema.

Kosa la kwanza linatokea kabla mchezo haujaanza. Katika faili la mipangilio, "server.properties", kuna mstari wa "online-mode". Ukiwa umewashwa, seva inauliza kwa wenye mchezo kama kila anayeingia ndiye kweli mwenye jina lile. Uhakiki huo unahitaji intaneti na akaunti zilizonunuliwa, kwa hiyo wengi wanauzima. Tangu hapo, yeyote anayeingia kwa jina la kiongozi wa seva anapokelewa kama kiongozi, na hata orodha ya walioruhusiwa haisaidii, kwa sababu nayo inaangalia jina tu. Kama lazima uzimwe, seva isifunguliwe kwa intaneti hata siku moja. Ibaki ndani ya chumba mnamoonana uso kwa uso, au muongeze programu ya neno la siri kama AuthMe.

Kosa la pili ni almasi. Katika Minecraft mnachimba chini kutafuta madini, na kuna vijana wanaobadilisha picha za mchezo ili mawe yawe kama kioo na almasi ionekane kutoka mbali. Hapo tunaikuta tena seva inayosema mno. Programu ya seva iitwayo Paper ina dawa ndani yake, ingawa mwanzoni imezimwa: ikiwashwa, inaficha madini ambayo hayajafikiwa, au inajaza mawe kwa madini ya uongo, hata mwizi anaona almasi kila upande asijue achimbe wapi. Watu wa Walikale na Kamituga, wanaojua uchimbaji wa kweli, watacheka.

Programu nyingine, CoreProtect, inaandika nani aliweka au kuvunja kila tofali na saa ngapi, na inaweza kurudisha nyumba iliyobomolewa kama ilivyokuwa. Ukimshuku mtu juu ya almasi, soma humo: amechimba mawe mangapi, amepata almasi ngapi, na njia yake ilikwenda vipi. Anayechimba kwa kweli anatoboa sana bila kupata. Anayeona kupitia mawe anakwenda moja kwa moja, anapinda, anachukua, anapinda tena.

Kiongozi asitoe hukumu usiku uleule wa ugomvi. Amwonyeshe mtuhumiwa rekodi, amsikilize mbele ya mtu wa tatu asiye wa timu yoyote, na kama kosa limeonekana, kufungiwa kwa mara ya kwanza kuwe kwa siku saba. Na kila Jumamosi kabla ya mchezo folda yote ya seva inakiliwa kwenye flashi, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, dunia nzima ya Minecraft inaweza kuharibika bila mdanganyifu yeyote kuigusa.